Volti 13 zilizopotelea njiani: uchambuzi wa kisa cha saluni

Saluni yenyewe ni chumba kimoja cha matofali nyuma ya nyumba ya familia, Dar es Salaam. Umeme wake unaanzia kwenye mita ya LUKU (mita ya kulipia umeme kabla) iliyo ukutani mwa nyumba kubwa, unapita kwenye sakiti breka (swichi inayojikata mkondo ukizidi) ya ampea 20, kisha unasafiri kama mita 30: kwanza juu ya dari, halafu ndani ya bomba la plastiki hadi chumba cha nyuma. Vifaa vizito ni vinne. Draya mbili za kusimama, kila moja imeandikwa wati 1000. Draya ya mkono ya wati 1800. Na birika la wati 2000 la kuchemshia maji ya kuoshea nywele.

Mama mwenye saluni alikuwa na malalamiko matatu. Draya hazipati moto siku za wateja wengi, taa inafifia birika likiwashwa, na uniti zinaisha haraka. La nne alilitaja kama jambo la pembeni, wakati nimeshafungua begi la vifaa: "Halafu Jumamosi, fundi, kuna harufu kama ya plastiki, ila si kila mara."

Hilo la nne ndilo lilipaswa kutangulia.

Kabla yangu alishapita fundi mwingine. Alipima volti kwenye soketi ya saluni wakati draya zinafanya kazi, akakuta kama 200, akasema umeme unaotoka nguzoni ni mdogo na dawa yake ni stebilaiza, kifaa cha kupandisha na kusawazisha volti. Stebilaiza ilikuwa imenunuliwa tayari, iko ndani ya boksi lake juu ya kabati, ikisubiri kufungwa. Siwezi kusema ushauri ule ulikuwa wa ovyo. Zipo nyumba nyingi zilizo mbali na transfoma ambazo kweli jioni zinapata volti 190. Ila kipimo kimoja, mahali pamoja, kinakwambia tu kwamba volti zimepungua. Hakikwambii zimepungulia wapi.

Nilianza na kila kitu kikiwa kimezimwa. Kwenye breka multimita, chombo changu cha kupimia umeme, ilisoma volti 231. Kwenye soketi ya saluni, 231 vilevile. Hapa ndipo wengi hufunga begi na kusema waya ni mzima. Lakini volti zinazopotea kwenye waya ni mkondo (ampea) mara ukinzani, yaani kiasi ambacho waya unauzuia umeme, kinachopimwa kwa omu, na mkondo ukiwa sifuri, hata waya uliooza utakuonyesha volti zote. Waya hupimwa ukiwa na mzigo.

Mzigo nilioutaka ni birika, likiwa limejaa maji. Nililichagua kwa sababu ndani yake hakuna mota wala saketi ya kudhibiti kasi, ni koili ya kupasha moto tu, kwa hiyo volti mara ampea inatoa wati bila mjadala. Draya ina feni ndani, na ile ya mkono huwa na swichi ya ngazi tatu inayovuruga vipimo. Nilikuwa na multimita mbili. Kwanza nilizichomeka soketi moja kuhakikisha zinasema kitu kimoja, kisha moja nikamwachia kijana wa pale asimame nayo kwenye breka, nyingine nikabaki nayo saluni. Umeme wa mtaani hupanda na kushuka kila dakika, kwa hiyo ukipima huku sasa hivi na kule baada ya dakika tano, tofauti unayoipata inaweza kuwa ya jirani aliyewasha pasi. Klampu mita, ile inayobana waya na kusoma ampea, niliifunga kwenye waya wa fezi (unaoleta umeme) peke yake. Ukiibana juu ya fezi na nyutro (waya wa kurudi) kwa pamoja inasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi unafutana.

Birika likawashwa. Breka: volti 228. Soketi ya saluni: volti 215. Mkondo: ampea 8.1.

Namba hizo tatu, pamoja na ile 231 ya mwanzo, zina habari nyingi kuliko zinavyoonekana. Tuanze na birika lenyewe. Ukinzani wake ni volti zake gawanya kwa mkondo: 215 ÷ 8.1 = omu 26.5. Lebo ya chini ya birika inasema wati 2000 kwa volti 230, na kutokana na lebo peke yake ukinzani ni 230 × 230 ÷ 2000, yaani omu 26.45. Njia mbili tofauti, jibu moja. Birika ni zima, tuliache. Nguvu linayopata ni 215 × 8.1, wati 1741, badala ya 2000.

Upande wa nguzoni: kutoka 231 hadi 228 zimepotea volti 3. Gawanya kwa 8.1, unapata omu 0.37. Huo ni ukinzani wa njia nzima kutoka transfoma hadi breka, na si mbaya. Kwa hiyo umeme wa mtaani haukuwa na kosa.

Sasa kati ya breka na saluni: 228 kutoa 215 ni volti 13. Volti 13 ÷ ampea 8.1 = omu 1.6. Na nguvu inayoliwa njiani ni 13 × 8.1, wati 105. Hizi wati 105 hazichemshi maji wala hazikaushi nywele. Zinapasha moto kitu fulani juu ya dari.

Je, omu 1.6 ni nyingi? Bila kujua waya ulipaswa kuwa na ukinzani kiasi gani, namba hiyo haina maana. Waya ulikuwa wa shaba, wa 1.5, yaani unene wa milimita 1.5 za mraba. Shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.0172 hivi kwa kila mita. Umbali ni mita 30, lakini mkondo unakwenda kwa fezi na kurudi kwa nyutro, kwa hiyo ni mita 60 za shaba. Kosa la kusahau njia ya kurudi nimeliona hata kwenye michoro iliyopigwa muhuri. Hesabu: 60 × 0.0172 ÷ 1.5 = omu 0.69. Juu ya dari chini ya bati, mchana, shaba inapata joto na ukinzani unapanda. Ukikadiria nyuzi joto 50 unaongeza kama asilimia 12. Hata hivyo hatufiki omu 0.8.

Tumepima 1.6. Nusu ya ukinzani wote hauko kwenye shaba.

Kinachobaki ni viungio: skrubu za breka, skrubu za soketi, na popote pale waya ulipokatwa ukaungwa. Soketi niliifungua, skrubu zilikuwa zimekaza na plastiki haikuwa na doa. Breka, hali kadhalika. Mahali waya unaposhuka kutoka darini kuingia kwenye bomba, nikakuta maungio mawili yaliyofungwa tepu nyeusi. Fundi wa kwanza kabisa alikuwa ameishiwa waya, akaunga kipande. Tepu ya fezi ilikuwa laini. Ya nyutro ilikuwa imekauka na kung'aa kama ngozi iliyoungua.

Kupima kiungio kikiwa na umeme ni kazi ya mtu aliyezoea, mwenye kichwa kilichotulia na ncha za multimita zilizofunikwa karibu hadi mwisho. Nasisitiza hili kwa sababu ya dhana kwamba nyutro haipigi. Kiungio cha nyutro kikiachia huku birika limewashwa, upande wa saluni wa waya huo unapata volti zote kupitia koili ya birika, na tesa (bisibisi yenye taa ya kuonyesha umeme) itawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi. Atakayeshika hapo atajua kwamba jina la waya halimlindi.

Nilizima meni (swichi kuu), nikafungua tepu, nikaweka ncha moja upande huu wa kiungio na nyingine upande wa pili, nikasogea, kijana akawasha, birika likaanza kuchemka. Kiungio cha fezi: volti 0.1 tu. Kiungio cha nyutro: volti 7.3.

7.3 ÷ 8.1 = omu 0.9. Zile zilizobaki, volti 5.7, ukizigawa kwa 8.1 zinatoa omu 0.7, karibu kabisa na 0.69 tuliyoipata kwa hesabu ya shaba. Mkosaji amepatikana na hakuna kilichobaki bila maelezo. Nilipenda sana jinsi namba zilivyofungana. Si kila kisa kinakuwa na adabu hiyo.

Ndani ya tepu, shaba ilikuwa nyeusi. Nyaya zilisokotwa mara mbili tatu na kuachwa, bila konekta, bila kulehemu. Kiungio cha namna hiyo kikiwa kipya kinaweza kufanya kazi miaka. Kisha kila birika likiwashwa kinapata joto na kutanuka, likizimwa kinapoa na kusinyaa, mgandamizo unalegea, uso wa shaba unashika kutu yake nyeusi, ukinzani unapanda, joto linaongezeka, na kutu inazidi. Mzunguko huo haurudi nyuma wenyewe.

Nguvu iliyokuwa ikiliwa pale ni 7.3 × 8.1, wati 59. Fikiria balbu ya zamani ya wati 60, ile ya nyuzi, ambayo huwezi kuishika ikiwa imewaka. Sasa chukua joto lake lote ulibane kwenye kitu kikubwa kama punje ya karanga, ukifunge tepu, ukiweke juu ya mbao za dari. Na hapo ni birika peke yake.

Harufu ilikuwa ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi vifaa vinawashwa pamoja. Joto la ukinzani halipandi sambamba na mkondo, linapanda kwa mraba wake: mkondo mara mkondo mara ukinzani. James Joule alilionyesha hilo kwa vipimo miaka ya 1840, kama miaka 15 hivi baada ya Georg Ohm kuchapisha kanuni yake ya volti, mkondo na ukinzani mwaka 1827, na bado ndilo jambo linalosahaulika haraka kuliko yote katika ufundi wetu. Nikawasha birika na draya mbili za kusimama, kwa muda mfupi. Mkondo ukawa ampea 15.2, volti za saluni zikashuka hadi 201. Hizo ndizo "volti 200" alizoziona fundi aliyetangulia. Kwenye kiungio: 15.2 × 15.2 × 0.9, wati 208. Mkondo haukufika hata mara mbili ya ule wa kwanza, joto limekuwa zaidi ya mara tatu.

Hali ya vifaa vyote vinne sikuipima, niliikokotoa, maana sikutaka kuwasha moto ili kuthibitisha kwamba ungewaka. Jumla ya lebo ni wati 5800. Kwa volti 230 ukinzani wa vyote kwa pamoja ni 52,900 ÷ 5800, omu 9.12. Ongeza 1.6 ya njiani na 0.37 ya mtaani, ni omu 11.09. 231 ÷ 11.09 = ampea 20.8. Volti zinazofika kwenye vifaa ni 190. Kiungio kingepata wati 389, tukichukulia kwamba ukinzani wake unabaki palepale, jambo ambalo kiungio cha moto hakiahidi.

Angalia pia draya zinapata nini kwa volti 190. Volti zimepungua kwa asilimia 17 tu kutoka 230, lakini nguvu inafuata mraba wa volti: 190 × 190 ÷ 52.9 ni wati 682 badala ya 1000. Theluthi ya moto haipo. Mteja anayelalamika kwamba draya haikaushi yuko sahihi kabisa.

Mama akauliza swali ambalo lilistahili kuulizwa: "Mbona breka haikukata?" Breka haioni joto la kiungio. Inaona ampea zinazopita ndani yake tu, na kiungio kibovu hakiongezi mkondo, kinaupunguza. Laiti waya ungekuwa mnene na bila kiungio, vifaa vyote vinne vingevuta karibu ampea 24. Kwa sababu ya ubovu, vikavuta 20.8, na breka ya ampea 20 inaweza kuvumilia 20.8 kutwa nzima. Yaani ule ubovu wenyewe ndio uliokuwa ukiifanya breka inyamaze. Kosa la pili ni la tangu mwanzo: breka ya ampea 20 haikupaswa kulinda waya wa 1.5 uliolala juu ya dari yenye joto.

Multimita ikiwekwa kwenye omu ingeonyesha nini? Nilijaribu, meni ikiwa imezimwa na birika limechomolewa. Kiungio kilisoma 0.5. Nikagusanisha ncha zenyewe kwa zenyewe: 0.3. Kwa hiyo kiungio kinadai kuwa na omu 0.2, na kwa multimita ya kawaida tofauti hiyo iko ndani ya makosa ya chombo. Betri ndogo ya multimita inapitisha mkondo hafifu sana kwenye kiungio kilichopoa, wakati birika linapitisha ampea nane kwenye kiungio cha moto. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Ukitaka mfano rahisi zaidi wa tofauti hiyo, pima balbu ya nyuzi ya wati 60 ikiwa baridi: itasoma chini ya sehemu moja ya kumi ya omu 882 unazopata kwa 230 × 230 ÷ 60. Multimita haijakosea, wala hesabu haijakosea. Balbu iliyozimwa na iliyowaka zina ukinzani tofauti. Ndiyo maana kwa kiungio kinachotiliwa shaka siamini njia nyingine isipokuwa kupima volti kukikatiza, kikiwa kazini, na kugawa kwa ampea.

Turudi kwenye stebilaiza iliyo juu ya kabati. Kazi yake ni kuchukua volti 215 na kutoa 230. Birika sasa litapata wati zake 2000, lakini nguvu hiyo lazima ipite kwenye waya uleule, na kwa kuwa volti za upande wa waya ni ndogo, mkondo lazima uongezeke. Hata tukijifanya kwamba stebilaiza haipotezi chochote, mkondo unatoka ampea 8.1 hadi kama 9.4. Kiungio kinatoka wati 59 hadi 80. Malalamiko ya moto mdogo yangeisha, taa isingefifia, na dari ingeungua mapema zaidi, kwa sababu dalili zilizokuwa zikitoa onyo zingekuwa zimefunikwa.

Matengenezo hayana hadithi ndefu. Tulivuta waya wa 4, kipande kimoja kutoka breka hadi saluni, bila kiungio. Breka ilibaki ya 20. Fundi mwenzangu aliyekuja kusaidia kuvuta alitaka tuweke ya 32 "isisumbue", nikakataa: kwa joto la juu ya dari ile, 32 ni kubwa kwa waya huo. Ukinzani mpya wa njia ni 60 × 0.0172 ÷ 4, omu 0.26. Vipimo vya birika peke yake: breka 228, saluni 226, ampea 8.5. Volti 2 njiani badala ya 13. Birika na draya mbili: ampea 16.7, volti 220 saluni, na joto la waya mzima, mita zote 60, ni wati 72 zilizotawanyika badala ya 208 mahali pamoja. Vifaa vyote vinne kwa pamoja vingevuta ampea 23.7 na breka ingekuja kukata, mapema au baadaye, kwa hiyo masharti ni kwamba draya ya mkono haitumiki birika likiwa linachemka. Kwa saluni yenye birika moja hilo linawezekana.

Yalibaki malalamiko ya uniti, na hapa majibu hayakumfurahisha mama kama alivyotarajia. Uniti moja ni wati 1000 kwa saa moja, na mita ya LUKU inahesabu kila kitu kilicho upande wake wa ndani, pamoja na joto la kiungio. Birika peke yake, zilipotea wati 105 kati ya 1847, asilimia 6 hivi. Kwenye mzigo wa Jumamosi, wati 370 kati ya 3425, karibu asilimia 11. Ni hasara ya kweli, lakini haitoshi kueleza uniti "kuyeyuka". Draya mbili za kusimama zikifanya kazi saa sita kwa siku, kwa lebo zake ni uniti 12, na hizo ni za biashara, si za ubovu.

Zaidi ya hapo, mita sasa itakwenda kasi zaidi, si polepole. Ule mzigo wa birika na draya mbili uliokuwa ukivuta wati 3425 kwenye breka sasa unavuta kama 3750, kwa sababu vifaa vinapata volti zake. Kila draya ya kusimama imetoka wati 764 hadi 915 hivi. Nilimwambia mapema asije akaona namba zinashuka haraka akadhani nimeharibu. Atakachookoa kiko kwenye muda: kichwa kilichokuwa kikikaa chini ya draya dakika 50, kwa hesabu tupu na bila kuhesabu kidhibiti joto kilicho ndani ya draya, kinapaswa kutoka kwenye dakika 42.

Mama alifikiri kidogo, akauliza kama duka litakubali kurudishiwa stebilaiza ambayo boksi lake limeshafunguliwa.